Andiko Alilokuwa Amelifuta

Nilizoea kusoma maandishi yake nikisubiri maharagwe yaive. Alikuwa mama wa kisiwani Idjwi, katikati ya ziwa letu, mjane, mkulima wa mananasi na kahawa. Kila Jumapili baada ya misa alipanda kilima kilichokuwa nyuma ya nyumba yake, mahali ambapo mtandao unashika, akaweka andiko moja kwenye ukurasa wake. Aliandika juu ya mama yake mzazi aliyekuwa mgonjwa, juu ya mbuzi aliyekula shuka ya padri, juu ya namna wanawake wa kisiwani wanavyoitana kutoka shamba hadi shamba bila kuacha jembe. Hakuandika Kiswahili cha redio. Aliandika kile tunachoongea sisi, cha "mutoto" na "muzee" na "iko", cha "njo" badala ya "ndiyo" na "juu" badala ya "kwa sababu". Na mwisho wa kila andiko aliweka maneno yaleyale: "Mwenye kupenda achukue, amusomee mwingine. Ni bure."

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika sekondari moja ya Bukavu, iliyojengwa kwenye mteremko mkali kiasi kwamba mvua ikinyesha wanafunzi wanafika wameshika viatu mkononi. Kila Jumatano alasiri nilikuwa na kikundi cha kusoma kwa Kiswahili, wasichana wengi na wavulana wachache. Vitabu tulivyokuwa navyo vilitoka mbali na vilikuwa na maneno yaliyowachekesha. Siku moja nikatoa simu, nikawasomea andiko la mbuzi na shuka. Walicheka mpaka mkurugenzi akachungulia mlangoni. Juma lililofuata nikawasomea lile la mama mgonjwa anayekataa kunyolewa nywele, na hapo wakanyamaza. Msichana mmoja akasema, "Madame, huyu mama anaandika sawa vile tunaongeaka kwetu."

Neno hilo lilinifanya nianze kunakili. Kila Jumapili jioni nilichukua andiko jipya na kuliweka katika kompyuta yangu, katika faili moja. Sikuwa na nia mbaya. Nasema hivyo nikijua kwamba karibu kila mtu aliyekosa husema hivyo.

Mama yake alipofariki, majuma mawili yalipita bila andiko. Kisha likaja moja refu kuliko yote. Lilieleza safari ya boti ya moteri, miaka mingi nyuma, kutoka kisiwani kwenda hospitali ya ng'ambo, upande wa Katana. Ndani ya boti walikuwa mama yake na dada yake mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na sita, pamoja na mwandishi mwenyewe, wakati huo msichana mdogo aliyebebeshwa beseni. Ziwa lilichafuka katikati ya njia. Mtoto akazaliwa palepale, juu ya magunia ya kahawa, abiria wanawake wakishika vitenge kuzunguka ili wanaume wasione. Aliyezaa alikuwa dada wa miaka kumi na sita. Lakini walipofika pwani mama yao alimchukua mtoto, akamfunga kifuani pake, akasema, "Kuanzia leo huyu ni wangu." Na ikawa hivyo. Mtoto alikua akimwita bibi yake maman, na mama aliyemzaa akimwita yaya, sawa na alivyomwita mwandishi, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa.

Nililia nikilisoma. Nikalinakili palepale. Nilitafuta yale maneno ya mwisho, ya mwenye kupenda achukue. Hayakuwepo. Nikafikiri amesahau kwa sababu ya msiba.

Miezi kadhaa baadaye mkurugenzi wa shule yetu aliniambia kuna karatasi zimebaki kutoka mitihani, kama nataka kufanya kitu na kikundi changu. Nikaamua kufanya kijitabu. Nilirudi kwenye ukurasa wake ili kuhakiki mpangilio wa maandishi, lipi lilitangulia lipi. Ndipo nikaona kwamba lile la boti halipo. Nilishuka ukurasa mzima, nikapanda, nikashuka tena. Lililotangulia lilikuwepo, lililofuata lilikuwepo. Katikati hakukuwa na kitu.

Nimejiuliza mara nyingi nilifikiri nini dakika ile. Nilijiambia huenda mtandao umelimeza. Nilijiambia mambo ya simu yana vituko vyake. Lakini ndani yangu nilijua. Mtu hafuti andiko moja kati ya arobaini kwa bahati mbaya. Na palikuwa na kitufe pale juu, kidole changu kilikuwa karibu nacho kabisa, cha kumwandikia ujumbe. Ningeweza kuandika, "Maman, nataka kuchapisha maandishi yako, na hili la boti silioni, kuna nini?" Ni mstari mmoja. Sikuandika kwa sababu niliogopa angejibu hapana, na lile la boti ndilo lilikuwa zuri kuliko yote.

Si hilo tu nililofanya. Nilisahihisha Kiswahili chake. Nilichukua kalamu nyekundu ya mwalimu nikageuza "mutoto" kuwa "mtoto", "banakuya" kuwa "wanakuja", nikapanga ngeli zote zikasimama mstari. Wanafunzi walipenda maandishi yale kwa sababu yaliongea kama wao, nami nikayaondolea kilekile walichokipenda, nikaona nimemsaidia. Kwenye jalada niliandika kichwa nilichokibuni mwenyewe, na chini yake jina langu, kwa sababu mimi ndiye niliyekusanya. Jina lake nililiweka ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo.

Tulitoa nakala themanini katika duka moja la fotokopi pale Nyawera. Wanafunzi walizipanga na kuzifunga kwa uzi. Niligawa zote bure, na hilo nalo lilinipa moyo: yeye alitoa bure, mimi nimetoa bure, nani atalalamika? Nakala kumi nilimtumia mwenzangu tuliyesoma naye, anayefundisha katika shule ya bweni upande wa Katana.

Alinipigia simu Alhamisi moja, wakati wa mapumziko. Nilikuwa uwanjani, watoto wanapiga kelele, nikaziba sikio moja.

"Ile kijitabu yako," akasema, "darasa yangu iliipenda sana. Lakini kuna kitu ilitokea, na sielewi."

"Kitu gani?"

"Nilichagua mutoto moya wa Idjwi asome kwa sauti, juu anajua namna ya kule. Akasoma vizuri. Alipofika pale kwenye boti akanyamaza. Nikafikiri ni huruma. Nikamuambia, endelea, mutoto yangu. Akaendelea, akamaliza yote mpaka mwisho. Kisha akaniuliza ni nani aliandika. Nikamuonyesha jina kwenye ukurasa wa pili."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Huyu ni yaya yangu.' Akatoka. Hakuomba ruhusa. Tangu jana hali chakula, haongei na mutu."

Kisiwani kwao kila mtu alijua kwamba msichana yule alizaliwa ndani ya boti, ila wanawake walioshika vitenge hawakusema ni nani aliyemzaa. Ilikuwa hadithi ya kuchekesha ya utoto wake, na wenzake wa bweni nao waliijua. Mimi nilijua hakuna jina ndani ya andiko, nikajituliza na hilo. Sikufikiri kwamba kuna mtu mmoja duniani ambaye hakuhitaji jina.

Kilichoniaibisha zaidi nakisema hapa kwa sababu sijawahi kukisema: mwenzangu alipotamka kwamba darasa lilikipenda kijitabu, kabla ya kusikia mengine, nilifurahi. Furaha ile ilidumu labda pumzi mbili. Bado naikumbuka, na naichukia.

Siku mbili baadaye simu iliita tena, namba nisiyoijua. Sauti ilikuwa ya taratibu, ya mtu aliyepanda kilima na bado anahema.

"Ni weye madame wa kijitabu?"

"Ni mimi."

"Miye njo niliandika."

Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu Alhamisi. Yote yakatoka vibaya. Nilimpa pole, nikamwambia wanafunzi wanampenda, na mwisho, Mungu anisamehe, nikasema, "Lakini maman, uliandika mwenye kupenda achukue."

Akasema, "Kweli, niliandika. Achukue, amusomee mwingine. Sikusema abadilishe midomo yangu. Na ile ya boti sikuweka maneno ile, tena niliifuta. Uliona niliifuta?"

Ningeweza kudanganya. Hakuna aliyeniona siku ile mbele ya kompyuta.

"Niliona," nikasema.

"Uliona," akarudia. Hakupaza sauti. "Aksanti kwa kusema kweli." Na simu ikakatika, sijui kama ni yeye aliyekata au ni salio lake liliisha.

Nilianza kukusanya vijitabu. Nilipita darasa kwa darasa, nyumba kwa nyumba, mitaa ya Nguba, Kadutu, Muhumba, nikipanda na kushuka ngazi za udongo. Nilisema kuna kosa ndani yake. Wengi walirudisha. Wengine walikuwa wamewapa shangazi zao, wengine hawakukumbuka wamekiweka wapi. Mama mmoja wa Kadutu, aliyepewa na binti yake, alikataa katakata. Alikuwa anapepeta mchele mbele ya mlango na hakusimama.

"Ulitupa," akasema. "Kitu umempa mutu, unarudi kuomba ya nini?"

"Kuna andiko ambalo mwenyewe hakutaka lisomwe."

"Njo ile ya boti? Njo hiyo naipenda. Nilimusomea dada yangu wa Sange kwenye simu, yote, akalia."

Alikuwa ananijibu kama mimi nilivyomjibu mwandishi, na sikuwa na haki ya kumkasirikia. Nilitoka bila kijitabu. Kati ya themanini nilipata sitini na tatu. Jioni moja nilivipeleka nyuma ya jiko la shule na kuvichoma, vikanuka wino.

Likizo ilipofika nilipanda boti kwenda Idjwi. Sikuwa nimealikwa. Nilikuwa nimemtumia ujumbe, "Naomba kuja kukuona," naye akajibu neno moja tu, "Njoo," bila kueleza zaidi. Siku ile ziwa lilikuwa tulivu kama sahani. Nilikaa kati ya magunia na kuku, na wanawake waliokuwa karibu nami waliongea Kihavu, nikaona afadhali nisielewe.

Nilimkuta ameketi juu ya jamvi anachambua kahawa, punje mbovu upande huu, nzuri upande ule. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyomfikiria, na mikono yake ilikuwa mikubwa. Alinipa kiti, mimi nikakaa chini kwenye jamvi, akaniacha. Akanisogezea fungu la kahawa. Tulichambua mpaka fungu la kwanza likaisha.

"Na miye nilikosa," akaanza yeye. "Mama alikuwa amekufa juzi tu, machozi iliniandikisha. Nikafikiri, sasa amekufa, naweza kusema vile alikuwa mukubwa, vile alificha haya ya mutoto wake ndani ya tumbo yake mwenyewe. Kesho yake yaya akanipigia, analia, anasema, umeniua. Nikafuta mara moja. Kosa yangu ililala usiku moya tu. Ya kwako, madame, itamalizika lini?"

Nikasema, "Sijui, maman."

"Kwenye simu, nikikosa neno, nasahihisha. Nikijuta, nafuta. Njo maana niko naandika pale. Nilikuwa najua naweza kurudi nyuma. Karatasi yako nitaifuta na nini?"

Nilimwambia kuhusu vile sitini na tatu nilivyovichoma, na vile kumi na saba ambavyo sikuvipata. Alisikiliza bila kuacha kazi. Kisha akanyanyua macho akatazama nyuma yangu, nami nikageuka.

Mwanamke alikuwa amesimama penye kona ya nyumba, na kitenge kimefungwa juu ya kifua kama mtu aliyetoka shambani. Alifanana na mwandishi, ila alikuwa mrefu. Sikuhitaji kuambiwa.

"Ni huyu?" akamwuliza mdogo wake.

"Ni huyu, yaya."

Nilisimama. Nilitaka kumshika mkono, lakini yeye hakutoa wake.

"Uliisoma na weye?" akaniuliza.

"Niliisoma."

"Mara ngapi?"

Swali hilo sikulitegemea. "Mara nyingi," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Mume wangu nimezaa naye batoto tano, na hakukuwa anajua. Alijua kwa baba moya alitoka Katana na kijitabu mu mufuko. Weye ulijua mbele yake." Akatazama kahawa kwenye jamvi. "Hakunipiga. Hakunifukuza. Anakula, anaenda shamba, anarudi. Haniulize kitu. Afadhali angeuliza."

Nilipiga magoti. Nikamwomba msamaha kwa maneno ambayo siyakumbuki. Aliniacha nimalize.

"Simama," akasema, "utachafua nguo." Akaenda zake.

Niliporudi kwenye boti, mwandishi alinisindikiza mpaka ufukweni na akanipa mananasi mawili. Kuipokea zawadi kulikuwa kugumu kuliko maneno yote ya siku ile, lakini kuikataa kungekuwa tusi jipya. Nikashika. Akaniambia kwamba tangu aliposikia habari za kijitabu ameufunga ukurasa wake, hauonekani tena na watu wa nje. Nikawaza kikundi changu cha Jumatano, yule msichana aliyesema anaandika sawa vile tunaongeaka, na nikaelewa kwamba nimewanyang'anya hata wao.

Ulipita karibu mwaka. Siku moja, baada ya saa za masomo, mlinzi aliniita kwamba kuna mgeni. Nilikuta msichana mrefu amekaa kwenye benchi chini ya ubao wa matangazo, na begi la shule juu ya magoti. Ule urefu na yale mabega nilikuwa nimeyaona penye kona ya nyumba kule kisiwani.

"Madame, ni miye nilisoma ile kitabu Katana," akasema.

Nikakaa kando yake. Nilimwomba msamaha, na alisikiliza kwa adabu kama mtu anayesubiri mvua ikatike ili aendelee na safari. Nilipomaliza akasema, "Sikukuja juu ya ile. Nilikuja kuomba moya. Mwalimu alizichukua zote. Anasema weye uliziomba."

"Unaitaka ya nini?"

"Nilisoma mbele ya darasa. Nilisoma kwa sauti, lakini sikuisoma. Nilikuwa nasikia midomo yangu tu. Iko mambo ya siku nilizaliwa mule ndani, na hakuna mutu nyumbani anataka kuniambia. Maman, yule nilikuwa naita maman, amekufa. Yaya nikimuuliza analia. Ile karatasi njo inajua."

Nakala zilikuwa zimechomwa, lakini faili bado ilikuwa ndani ya kompyuta yangu. Siku ile kisiwani nilikuwa nimemwahidi mwandishi kwamba sitabakiza chochote mkononi mwangu, na sikuwahi kuifuta. Nilijiambia ni kwa ajili ya kumbukumbu. Ingenichukua dakika mbili kumtolea msichana yule kurasa nne, na macho yake yaliniomba. Kama kuna mtu mwenye haki na maneno yale, nilifikiri, ni huyu. Lakini niliwahi kufikiri vizuri hivyohivyo mara moja tayari, mbele ya kompyuta ileile.

"Siwezi kukupa," nikasema. "Haiko yangu."

Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Wakati uliiweka mu kitabu, ilikuwa yako?"

"Hapana. Haikuwa."

"Sasa mbona leo njo unakumbuka?"

Nilimwahidi kumwuliza mwandishi. Alivaa begi lake akashuka mteremko bila kugeuka, na nilimtazama nikiona kwamba nimemkosea mara mbili, mara ya kwanza kwa kutoa na mara ya pili kwa kunyima.

Nilimpigia mwandishi jioni hiyohiyo. Nikamweleza yote, pamoja na faili. Nilisikia upepo wa kilimani ndani ya simu.

"Kumbe unayo bado," akasema.

"Ninayo. Nisamehe."

"Usimupe. Si juu sitaki ajue. Ile niliandika, siku ile nilikuwa mutoto wa kubeba beseni, sikuona yote. Mwenye kujua ile boti ni yaya. Nitaongea naye."

Juma moja baadaye aliniandikia. Yaya amekubali kumwambia mtoto mwenyewe, kwa mdomo, akija Noeli. Hataki karatasi. Nikasoma ujumbe ule mara kadhaa, kisha nikafungua kompyuta, nikaifuta faili nzima, hata andiko la mbuzi na shuka. Sijui kama msichana alikwenda kisiwani Noeli ile. Sikuthubutu kuuliza, na hakuna aliyeniambia.

Mwandishi ameanza tena kuandika, lakini kwa watu wachache tu, na mimi si mmoja wao. Mara mojamoja hunitumia andiko moja, akiandika juu yake, "Hii unaweza kusomea batoto. Usiguse neno." Siku za Jumatano nalisoma jinsi lilivyo, na mengine anayonitumia kwa macho yangu tu nayaacha kwenye simu.

Haya ninayoyaandika nilimsomea kwa simu kabla ya kumpa mtu mwingine yeyote, sentensi kwa sentensi. Alinigeuzia mambo mawili ili watu wa kilima chao wasitambulikane. Akauliza kama dada yake amekubali. Nikamwambia naomba yeye amwulize. Jibu lilichukua siku tisa. Lilikuwa ndiyo, ila kulikuwa na sentensi moja juu ya siku ile ya boti ambayo dada yake hakutaka ibaki. Nimeitoa.